Mwaka wa Hakimiliki: Je, Ubadilishwe Kila Januari?

Wanafunzi waliopo shuleni wanaijua habari hii, lakini wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti letu huko Bujumbura, Rumonge, Kigoma na kwingineko hawajaipata. Basi nitaanza nayo.

Katika chumba cha maktaba yetu kuna kompyuta moja kuukuu, na ndani yake mna programu ndogo ya kuandika vitabu vinavyoazimwa: jina la kitabu, jina la aliyekichukua, siku aliyokichukua na siku aliyokirudisha. Programu hiyo haikununuliwa. Iliandikwa na wanafunzi wa klabu ya kompyuta wa mwaka 2017, kila mmoja akiandika sehemu yake, nao walipomaliza masomo waliiacha hapa iwe zawadi. Juu ya kila faili waliweka mstari mmoja: alama ya ©, mwaka 2017, na jina la aliyeiandika faili ile. Chini ya mstari huo wakaweka maneno ya ruhusa, ya kwamba mtu yeyote aweza kuitumia programu, kuinakili, kuibadilisha na kumpa mwenziwe, mradi asiuondoe mstari ule wa juu.

Januari 2025, tuliporudi kutoka likizo ya Noeli, kijana mmoja wa klabu aliona haya kuwaonyesha wageni programu yenye mwaka wa zamani. Akaiamuru kompyuta itafute "2017" popote ilipo na kuweka "2025" mahali pake. Zilikuwa faili 43, na kazi ikaisha kabla hajavuta pumzi mara mbili. Kisha akayatazama yale majina, akaona ni ya watu asiowajua. Akayafuta yote, akaandika "Klabu ya Kompyuta".

Kesho yake mwalimu wa maktaba alifungua daftari la waazimaji, akashangaa. Daftari lile nalo ni faili kama faili nyingine, na tarehe zake zilikuwa zimegeuzwa pamoja na nyingine. Atlasi iliyochukuliwa Novemba 2017 na kijana ambaye sasa ni baba wa watoto wawili ilionekana kuwa imechukuliwa Novemba 2025, yaani miezi kumi mbele yetu! Tulicheka sana.

Juma lile lile akapita mmoja wa wanaklabu wa 2017, kuwasalimu walimu. Tulimwonyesha ile ajabu ya atlasi, naye akacheka kama sisi. Halafu akafungua faili ya kwanza, akanyamaza. "Wadogo zangu," akasema, "atlasi si kitu. Mistari hii niliiandika mimi, usiku, kwa taa ya sola. Jina langu liko wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Tarehe za waazimaji tulizirudisha kwa urahisi, kwa kuwa zimepangwa kwa mfuatano: yote yaliyoandikwa kabla ya 2018 ni ya 2017. Lakini majina hayana mfuatano, wala hatukuwa na nakala ya akiba. Kaka yetu alizitambua faili zake, na nyingi za wenzake. Faili tatu, miongoni mwazo ile inayohesabu faini, hakukumbuka ni za nani.

Hapo ndipo swali lilipozuka. Wengine walisema, "Kosa la kijana ni kufuta majina na kugusa daftari, lakini kubadili mwaka ni sawa, kila mtu hubadili mwaka." Wengine wakasema, "La, mwaka nao haukupaswa kuguswa." Nilipewa kazi ya kutafuta ukweli, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue mwaka ule umetoka wapi. Tangazo la hakimiliki lina mambo matatu: alama ya ©, mwaka, na jina la mwenye haki. Zamani mambo hayo hayakuwa pambo. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1909, mtungaji aliyetoa kitabu chake bila tangazo aliweza kupoteza haki yake yote, na kitabu kikawa mali ya kila mtu. Haki yenyewe ilihesabiwa tangu kitabu kilipotolewa: miaka 28, kisha ikaweza kuongezwa miaka 28 mingine kama mwenyewe akiomba. Kwa hiyo mwaka ulikuwa wa lazima, maana msomaji aliutazama akajua haki imebakiza miaka mingapi.

Sheria hiyo haikuwa na huruma. Mwaka 1968 watu wa Pittsburgh walitoa filamu ya kutisha iitwayo Night of the Living Dead. Mwanzoni ilikuwa na jina jingine, na tangazo la hakimiliki liliwekwa pamoja na jina lile. Jina lilipobadilishwa, tangazo likaachwa nje kwa kusahau. Basi filamu iliyopendwa ulimwenguni pote ikawa haina mwenyewe, na kila aliyetaka aliiuza bila kuwalipa waliotoka jasho.

Katika mwaka 1952 mataifa yalifanya mapatano huko Geneva, chini ya UNESCO, nayo yakaanza kazi mwaka 1955. Yalisema kwamba nchi inayodai masharti itosheke na mambo yale matatu: alama ya ©, jina la mwenye haki, na mwaka wa kutolewa kwa mara ya kwanza. Naomba msomaji ayashike maneno hayo ya mwisho. Mapatano hayakusema mwaka wa leo, wala mwaka wa kupigwa chapa tena. Yalisema mwaka wa kwanza.

Lakini yako mapatano mengine ya kale zaidi, ya Berne, ya mwaka 1886. Yalipotengenezwa upya Berlin mwaka 1908 yalikata shauri kwamba haki ya mtungaji haitegemei sharti lolote: mtu akiisha kutunga, haki ni yake, aandike tangazo asiandike. Marekani ilikawia sana, ikaingia tarehe 1 Machi 1989. Katika nchi zetu, Kenya iliingia mwaka 1993, Tanzania 1994, Burundi 2016 na Uganda 2022. Burundi ilikuwa tayari na sheria yake ya haki za watungaji, ya tarehe 30 Desemba 2005.

Maana yake ni nini kwa programu yetu? Ni kwamba haki ya wale wanafunzi ilizaliwa siku walipoandika, na ingalikuwapo hata kama wasingaliweka mstari wowote. Mwaka ukiondolewa, haki haifi, na ukibadilishwa, haki haiongezeki. Kenya na Tanzania huhesabu haki ya mtungaji kuwa ni maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa mtu wa namna hiyo mwaka ulioandikwa juu ya faili hauhesabiwi kabisa. Huko Marekani, kazi iliyoandikwa kwa ajili ya kampuni hulindwa miaka 95 tangu kutolewa, au 120 tangu kutungwa, muda wowote utakaotangulia kwisha. Programu ya kampuni iliyotolewa 2017 italindwa hata mwisho wa 2112. Mwenye kubadili 2017 kuwa 2025 hapati hata siku moja ya ziada, kwa sababu sheria hutazama jambo lililotokea, haitazami tulichoandika. Tena mwaka 2112 kompyuta ya maktaba yetu itakuwa imekwisha kuwa vyuma.

Mtu aweza kuuliza, "Kama ni hivyo, mwaka una faida gani?" Unayo faida ndogo. Katika Marekani, kazi ikiwa na tangazo kamili, aliyeiba hawezi kumwambia hakimu apunguziwe malipo kwa kuwa hakujua. Lakini tangazo hilo nalo hutaka mwaka wa kutolewa mara ya kwanza. Zamani sheria yao ilikuwa kali zaidi: katika nakala zilizotolewa kabla ya tarehe 1 Machi 1989, mwaka ulioandikwa ukizidi mwaka wa kweli kwa zaidi ya mmoja, kazi ilihesabiwa kama haina tangazo kabisa. Yaani mtu aliyeusogeza mwaka mbele ili apate zaidi, alijidhuru mwenyewe.

Tutazame mfano wa karibu na kwetu. Kutoka Muhuta, ukishika barabara ya kando ya ziwa kwenda Bujumbura, kabla hujafika mjini utapita Mugere, palipo na jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe: 25-XI-1871. Wageni wengi husimama pale wakiamini kwamba ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji kabla ya hapo, na jiwe lasema tu kwamba siku ile walikuwa Mugere. Tarehe yake ni ya kweli kwa jambo moja, na ukiilazimisha iseme jingine itakudanganya. Nao walinzi wa jiwe hawaji na patasi kila Januari kuuchonga mwaka mpya ili jiwe lisionekane limezeeka.

Hata hivyo programu si jiwe. Programu huongezwa, hurekebishwa, na aghalabu baada ya miaka kumi nusu yake ni mpya. Wanaotaka mwaka ubadilishwe hushikilia hoja hiyo, nayo si ya kudharauliwa. Kwa sheria, sehemu mpya ina haki yake na mwaka wake, lakini sehemu ya kale hubaki na mwaka wake wa kale.

Wakongwe wa ziwani wataielewa habari hii kwa meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg huko Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hata Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Tangu hapo imetengenezwa mara nyingi. Ukiulizwa meli hii ni ya mwaka gani, jibu la mtu mwaminifu ni kutaja miaka yote hiyo, kila mmoja na jambo lake. Anayejibu "ni ya 1927" amewafuta waliogonga misumari yake ya kwanza.

Ndivyo wafanyavyo watu wa GNU, ambao ni wa kale katika kazi ya programu huria. Wao huwaagiza watunzaji wao kuongeza mwaka mpya katika tangazo bila kuufuta wa zamani. Wakiandika kistari kati ya miaka miwili, kama 2017–2025, kistari hicho chadai kwamba kila mwaka uliomo katikati ulikuwa na kazi mpya iliyotolewa. Kwa hiyo mtu ambaye programu yake ililala miaka minne, kisha kila Januari akasogeza mwaka wa mwisho, amesema neno lisilo kweli, ingawa hakukusudia ubaya.

Wengine wamechoka na desturi hiyo. Iko programu iitwayo curl, ambayo kazi yake ni kuchukua na kupeleka habari katika intaneti, nayo imo ndani ya simu na mashine zisizohesabika, pengine na iliyomo mfukoni mwako. Ilianza mwaka 1998 mikononi mwa Daniel Stenberg wa Sweden. Kwa miaka mingi watu wake walikuwa wakisahihisha miaka juu ya faili. Mwanzoni mwa 2023 Stenberg aliiondoa miaka yote, akaacha alama na jina, kwa sababu sheria haiidai, na kazi ya kuibadilisha haikuwa na mwisho.

Katika Afrika ya Mashariki tunayo mifano miwili mizuri, yote ya hospitali. Mmoja ni OpenMRS, programu huria ya kuandika habari za wagonjwa, iliyoanza kutungwa mwaka 2004, ikatumika Eldoret, Kenya, tangu 2006, na baadaye ikaenea Uganda, Rwanda na nchi nyingine. Juu ya faili zake wameandika alama na jina la shirika lao, bila mwaka. Mfano wa pili ni DHIS2, ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo wizara za afya nyingi, na ya Burundi ikiwamo, huitumia kukusanya hesabu za vituo vya afya. Wao waliandika mwaka 2004, kistari, na mwaka wa karibuni. Kulikuwa na wakati mwaka huo wa pili ulikuwa 2018, na baadaye 2022. Mgonjwa wa Eldoret na mgonjwa wa Rumonge hawajapata hasara wala faida kwa tofauti hiyo. Lakini mwenye kutunza programu huiona: mwaka ukibadilishwa katika kila faili, faili elfu huonekana zimeguswa siku moja, na anayetafuta badiliko lililoleta kosa hulazimika kupekua mabadiliko elfu yasiyo na maana.

Wanaotaka miaka iachwe kabisa hutoa hoja moja yenye nguvu. Wasema ya kwamba siku hizi iko Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho huandika kila mstari uliandikwa na nani na siku gani. Ya nini basi kuandika mwaka kwa mkono?

Hoja hiyo ni nzuri kwa wenye umeme na intaneti ya siku zote. Lakini sisi wa Muhuta twajua jinsi programu zinavyosafiri. Husafiri kwa flashi, mfukoni mwa mtu aliyepanda taksi ya Rumonge. Katika flashi hunakiliwa faili zinazohitajika tu, na kumbukumbu za Git huachwa nyuma. Shule jirani waliochukua programu yetu hawana Git yake. Wana faili, na juu ya faili mna ule mstari mmoja. Mstari ukipotea, hakuna pengine pa kuuliza, kama tulivyojionea wenyewe. Tena maneno ya ruhusa waliyoyachagua wenzetu ni ya leseni ya MIT, yaliyotoka chuo cha Massachusetts. Ruhusa hiyo haidai fedha, wala kuomba, wala kurudisha mabadiliko. Sharti lake ni moja tu: tangazo la hakimiliki na maneno ya ruhusa yabaki katika kila nakala. Kijana wetu alivunja sharti la pekee aliloombwa.

Baada ya kuyapima haya, klabu ilikata shauri la mambo manne, na nayaandika hapa ili yawafae na wengine.

La kwanza, mwaka wa kwanza na jina la kwanza havifutwi kamwe, wala havibadilishwi. Hiyo ni haki ya aliyetangulia.

La pili, hatutabadili mwaka kwa sababu Januari imefika. Januari haikuandika hata mstari mmoja wa programu.

La tatu, mtu akiongeza kazi ya maana, kama sehemu mpya nzima, aandike mstari wake mwenyewe chini ya ule wa kwanza, wenye mwaka wake na jina lake. Asahihishaye herufi moja au nafasi kati ya maneno asijiongeze.

La nne, wageni wakitaka kujua kama programu yetu ingali hai, wasiutazame mwaka wa hakimiliki. Wataonyeshwa faili ya mabadiliko, ambayo ndani yake huandikwa kila badiliko na siku yake. Huko ndiko mahali pa habari mpya.

Wapo waliouliza kama isingalikuwa afadhali kuiondoa miaka yote, kama walivyofanya watu wa curl. Kwa programu inayoanza leo, yenye watu wengi na kumbukumbu zilizotunzwa vizuri, nasema hapana ubaya. Kwa yetu, ambayo imekwisha andikwa mwaka 2017 na watu waliokwisha tawanyika, mwaka ule ndio uzi unaotuongoza kwa wenyewe. Anayesoma 2017 ajua aulize kidato gani. Anayesoma 2025 angetuuliza sisi, nasi hatujui.

Kijana aliyefanya kosa hakuadhibiwa, ila yeye ndiye aliyepewa kazi ya kurudisha mistari, faili kwa faili, kwa mkono, bila kuitumia ile amri ya kutafuta na kubadili. Amemaliza faili 40. Chini ya moja kati yake ameandika pia jina lake na mwaka 2025, kwa sababu ameongeza sehemu inayomkumbusha mwazimaji siku ya kurudisha kitabu, na hiyo ni kazi yake halali.

Zimebaki faili tatu, zenye mwaka 2017 na nafasi tupu. Ndugu zetu mliokuwa katika klabu mwaka ule, kama kati yenu yuko mwenye nakala ya zamani katika flashi au kompyuta yake, twaomba aitafute na kuituma shuleni. Na yule aliyeandika faili ya kuhesabu faini atuarifu jina lake, tupate kuliandika mahali pake. Habari ya atlasi tutazungumza naye aliyeichukua. Kwa hesabu ya programu ileile, faini yake sasa imezidi bei ya atlasi.